Miaka minne wanamtibu mama mdogo malaria na tifoide, vidole vinapinda wanaviona!

Ndugu zangu wa Bukavu, leo nina hasira, mnivumilie.

Mama yangu mdogo ni mkulima wa Walungu. Mihogo yake anaibeba mgongoni, mshipi kwenye paji la uso, mpaka soko la Mugogo. Ugonjwa ulianzia vidoleni. Akiamka mikono yote miwili imekaza, hashiki jembe, hasongi bugali mpaka jua lipande. Sentre ya afya ya kwao wakamtoboa kidole: malaria. Mwezi uliofuata: tifoide. Mara ya tatu malaria na tifoide pamoja! Kila akienda, fishi (kadi ya mgonjwa) analipa, kipimo analipa, dawa analipa. Kuku wakaisha, akaanza kuuza mbuzi.

Mama mkwe wake akasema ni karuho, ile sumu ya kichawi, kuna mtu alimtilia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Wakampeleka kwa mganga, akatapishwa, akachanjwa viwiko na magoti. Mganga huyo simlaumu sana, maana angalau yeye aliishika ile mikono akaiangalia.

Wa kulaumiwa ni yule wa farmasia moja hapa mjini. Alimuuzia vidonge vidogo, bila karatasi ya daktari, bila kumwambia ni nini. Siku ya tatu mama mdogo akaamka anacheka, akaenda kupalilia maharage, na sisi tukamshukuru Mungu! Akavimeza mwaka na nusu. Uso ukawa mviringo, majirani wakampongeza kwamba amenenepa. Kumbe ni deksametasoni. Inatuliza maumivu kweli, lakini ukiimeza muda mrefu inadhoofisha mifupa, inapandisha sukari na presha, na hairuhusiwi kuikata ghafla. Nani alimwambia? Pesa zilipokwisha akaiacha siku hiyohiyo. Wakamwokota shambani ameanguka.

Ndipo nikamleta kwangu Kadutu. Hospitali (sitaitaja) tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, saa nane tukaambiwa ni uzee. Ana miaka 43!

Tuliporudi mara ya tatu tukampata daktari kijana. Akauliza swali moja: "Mama, ukiamka mikono inakaa imekaza mpaka saa ngapi?" Mama mdogo akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akajibu: "Mpaka saa tatu, siku nyingine saa nne." Daktari akabonyeza vidole kimoja kimoja, akaagiza damu na picha. Baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Inawashika wanawake mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume. Akasema kama angeanza dawa miezi ile ya mwanzo, huenda vidole visingefika hapa.

Swali moja tu, jamani! Halihitaji mashine wala umeme. Miaka minne hakuna aliyeliuliza.

Hayajaisha. Dawa aliyoandikiwa ni metotreksati, mara moja kwa WIKI, pamoja na asidi foliki. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nimezunguka kutoka Nyawera mpaka Essence, farmasia tatu zikaniuliza kama nina mgonjwa wa kansa, maana dawa hii hutumika huko pia. Ya nne wanayo. Nikafungua mfuko nikakuta wameandika kwa kalamu: kidonge kimoja kila siku. Kila siku! Dawa hii ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Nilipiga kelele mpaka motari, wale madereva wa pikipiki, waliokuwa nje wakaingia kuangalia. Yule dada akafuta, akaandika upya, hata pole hakusema. Mwingine ambaye hajui kusoma angefanyaje?

Na lazima damu na ini vipimwe mara kwa mara. Mama mdogo anataka kurudi Walungu, anasema shamba linaota majani na mimi simlishi milele. Ana haki. Lakini atapanda pikipiki mara ngapi kuja kupimwa?

Wenye mgonjwa anayetumia dawa hii: mnanunua wapi, na damu mnapimisha wapi? Kwetu amebaki mbuzi mmoja.