Nesi mpya Mwanza: kujitolea hospitali kubwa, dispensari ya praiveti mtaani au kuvuka daraja? Naomba ulinganisho wa wenye uzoefu

Binti_Buzuruga:
Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, mtihani wa baraza nimefaulu na leseni ya TNMC (baraza la uuguzi na ukunga) ninayo tangu mwezi uliopita, mama kaizungushia kitambaa kaiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja 😂. Sasa kazi ndo shughuli. Nimezunguka na bahasha ya kaki toka Igoma mpaka Kirumba jua la saa saba na mwisho wa siku nimebaki na vitu vitatu mkononi, naomba mnilinganishie.

Cha kwanza hospitali kubwa hapa mjini, jina naliacha, ni kujitolea, mshahara hakuna ila kuna posho ya nauli elfu 50 kwa mwezi ambayo walionitangulia wanasema inakuja ikijisikia. Cha pili dispensari ya mtu binafsi huku huku Buzuruga, laki mbili na nusu, naenda kwa miguu, usiku nabaki mimi na mlinzi. Cha tatu hospitali ya misheni ng'ambo ya daraja, upande wa Busisi, mkataba wa mwaka, laki tatu na themanini kabla ya makato, chumba wanatoa, na wamesema wataniweka wodi ya wazazi.

Mama anataka cha pili nisitoke nyumbani. Baba mdogo aliyenilipia ada miaka yote mitatu anasema nitulie nisubiri ajira za serikali. Mimi mwenyewe kichwa kinazunguka kama feni ya Nyegezi stendi.

Mzee_wa_Mkolani:
Kamata hiyo ya nyumbani mwanangu. Laki mbili na nusu hulipi chumba hulipi nauli unakula kwa mama, piga hesabu mwenyewe. Njaa haina baunsa.

Kanula_22:
Mzee wangu heshima kwako ila ngoja niongee mimi niliyejitolea miezi minane hospitali ya ukubwa huo. Natokea Kisesa, daladala mbili kwenda mbili kurudi, nauli yangu ilikuwa 2,400 kwa siku, siku 26 kwa mwezi unapata 62,400, maana yake posho ya elfu 50 hata ingekuja kila mwezi bado unamlipa mwajiri wewe. Na haikuja. Nimeipata mara tatu. Chakula kazini ni andazi na chai ya rangi, zikibaki hela unajitutumua ugali dagaa.

Nilichopata sasa. Mikono. Nilifika siwezi kupata mshipa wa mtoto wa miezi sita bila kumtoboa mara nne, nimeondoka nampata gizani. Umeona kila kitu, ajali za bodaboda, mama mwenye kifafa cha mimba, mzee kaletwa na mtumbwi, na pembeni yako kuna nesi wa miaka 15 kazini ukikosea anakupiga kibao cha mkono kabla hujaleta madhara. Hiyo shule haiuzwi. Ubaya wake, anayejitolea ndo wa kutumwa, peleka sampuli maabara, sukuma kitanda, kafuate damu, na siku ikitokea nafasi ya mkataba unasikia imejazwa na mtu hujawahi kumuona wodini.

Dogo_Igogo:
Samahani nadandia uzi. Mdogo wangu kamaliza form four ana D ya kemia, D ya baiolojia, C ya kiswahili na C ya jiografia, fizikia kapata F. Anapata uuguzi?

Sista_Leba:
@Dogo_Igogo hapo fizikia ndo inambana. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kuanzia D na ndani yake kemia, baiolojia na fizikia ziwepo, hesabu na kingereza ni nyongeza inayosaidia tu. Arudie fizikia kama mtahiniwa binafsi, mwaka mmoja si kitu, kuliko kumpa hela mtu anayesema "nitampenyeza". Na kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu ingieni NACTVET, baraza linalosajili vyuo, muone chuo kina usajili. Vyuo vya serikali unaomba kwenye mfumo wao wa pamoja. Ada usihesabu ile ya kwenye karatasi peke yake, kuna sare, viatu, kitabu cha mazoezi ya wodini, nauli na kula wakati wa field, na akishika sapu (mtihani wa kurudia) kuna hela ya sapu. Kwa wa diploma za afya, bodi ya mikopo HESLB ilishaanza kuwapa tangu 2023/24, mwambie aombe mapema asingoje kuambiwa.

Sasa nirudi kwa @Binti_Buzuruga. Mdogo wangu marahaba. Mimi nilianzia dispensari kama hiyo yako, sikwambii ilikuwa wapi. Mwezi wa pili, saa nane usiku, mama wa uzao wa tano kajifungua vizuri, kondo limetoka lote, nikageuka kumfuta mtoto, nikasikia maji yanadondoka sakafuni. Yakawa siyo maji. Nikasugua mfuko wa uzazi mpaka mkono ukafa ganzi, nikamtoa mkojo, nikafungulia dripu, oksitosini, dawa ya kubana mfuko wa uzazi damu ikate, ninayo lakini iko kabatini juu karibu na panado, chini ya bati, mwezi wa tisa. Dawa ile inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, friji lilikuwepo ila tajiri alikuwa anaweka soda za kuuza. Nikachoma vizio 10 huku sijui kama nachoma dawa au maji. Mlinzi ndo alikimbia barabarani kutafuta bajaji, mimi nimekaa nyuma nimembana tumbo mama wa watu mpaka tunafika hospitali. Alipona. Asubuhi tajiri ananiuliza ile dripu ya pili nani analipa.

Kwa hiyo kwangu mimi mshahara naulizia mwisho. Mtu mwenye leseni ya mwezi mmoja akae sehemu ambayo akiita "dada njoo" kuna mtu anaitika. Dispensari usiku ni wewe na mlinzi, na likitokea la kutokea baraza linatafuta namba ya leseni yako, siyo ya tajiri.

Mzee_wa_Mkolani:
Eeh mama. Hapo nimekaa kimya.

Tabibu_wa_Visiwani:
Mwangaluka wote. Wa mjini mnabishana na mmeacha ziwa. Mimi ni nesi wa serikali, zahanati ya kisiwani Ukerewe, mwaka wa nne huu. Huku hatusubiri uzoefu, uzoefu unakuja na mtumbwi. Juzi kati nimempeleka mama mwenye uchungu pingamizi, mtoto kakwama hashuki, usiku, boti ya mtu ya injini, tumemfunika turubai upepo wa ziwa unachapa. Kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa, sasa niambieni fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia tumboni, inasikia nini na injini inanguruma? Nikamwomba nahodha azime injini. Dakika moja tunaelea tu gizani, yule bwana ananung'unika mafuta yake, mimi sikio kwenye tumbo nahesabu. 132. "Washa twende." Tulizima mara tatu mpaka kufika. Mtoto wa kiume, wakampa jina la nahodha.

Ila simshauri binti aje kisiwani mwaka wa kwanza, namuunga mkono Sista, nilikuja nikiwa tayari nimeiva bara.

Binti_Buzuruga:
@Tabibu_wa_Visiwani kaka hapo hata ningetaka mama asingekubali. Tangu kivuko cha MV Nyerere kizame 2018 pale Ukara mama yangu akisikia neno kivuko anakaa chini.

Serikali_Tu:
Mnamzungusha mtoto wa watu. Ajira ni serikali, hizo nyingine ni kupoteza muda. Permanenti, bima, kiinua mgongo, mkopo benki wanakukimbilia. Asubiri kama baba mdogo alivyosema.

Kanula_22:
Nani kakataa serikali mkuu? Tatizo ni neno "asubiri". Akaunti ya Ajira Portal anafungua leo, anaweka vyeti, namba ya NIDA, tangazo likitoka anaomba akiwa huku huku kazini, hakuna aliyesema aliyeajiriwa praiveti haruhusiwi. Na siku hizi kuna usaili, siyo kupangiwa tu kama zamani. Mimi niliitwa, ya kuandika nikapita, kwenye mahojiano wakaniuliza mama ana presha 170 kwa 110, kichwa kinauma, anaona maluweluwe, unaanzaje? Nilijibu kama naongea na jamaa wa wodini kwa sababu nimemhudumia huyo mama mara ishirini. Mwenzangu aliyekaa nyumbani mwaka mzima akisubiri, badala ya kusema anaichomaje magnesium kuzuia degedege, alianza "magnesium ni madini ambayo..." akaishia hapo. Leseni yenyewe inahuishwa na wanataka pointi za mafunzo kazini, utazipatia sebuleni?

Serikali_Tu:
Sijasema akae sebuleni.

Sista_Leba:
Baba mdogo ndo kasema 😄

Mama_Twins_Nyakato:
Wapo pia wanaosema aende Uarabuni. Miaka miwili ya wodini kwanza mwanangu, halafu ndo uongee habari za Dubai, na wakala akikuomba hela ya "kushikilia nafasi" kimbia.

Mimi nauliza la kizazi changu, anataka kusoma digrii baadaye? Kama ndiyo GPA yake ngapi? Chini ya 3.0 mlango wa digrii unakuwa mgumu, juu ya hapo hiyo misheni ya laki tatu na themanini chumba bure inamwezesha kuweka akiba ya ada. Kwenye kujitolea atakopa nauli.

Binti_Buzuruga:
GPA 3.6 mama. Ndiyo nataka digrii ila siyo sasa.

Sista_Leba:
Basi kabla hujaamua piga simu huko misheni, usiongee na wa ofisini, omba kuongea na inchaji, yaani nesi msimamizi, wa wodi ya wazazi. Muulize usiku mnakuwa wangapi zamu moja. Muulize oksitosini inakaa wapi. Muulize daktari akiitwa saa tisa usiku anafika baada ya muda gani. Sauti yake peke yake itakwambia. Halafu mkataba usome kwenye NSSF, kama kukatwa unakatwa basi uone na mchango wao umeandikwa.

Kanula_22:
Na uulize ukivunja mkataba kabla ya mwaka unadaiwa nini. Kuna sehemu rafiki yangu alishikiliwa vyeti halisi. Vyeti halisi hauachi popote, unaonyesha, wanatoa kopi, unaondoka navyo.

Binti_Buzuruga (siku mbili baadaye):
Wakuu nimerudi. Nimepiga. Inchaji ni mama mmoja mkali kidogo, nilivyouliza usiku wanakuwa wangapi akajibu "wawili na mhudumu mmoja, na mimi nakaa nyumba ya pili kutoka wodini, ukiniita nakuja na kanga." Oksitosini akacheka, akasema "iko kwenye friji na friji lina kipimajoto, nani kakufundisha kuuliza hivyo?" Nikamwambia dada mmoja. Daktari wakati mwingine dakika 20, wakati mwingine 40, hakunidanganya. NSSF imo. Vyeti wanachukua kopi.

Nikaenda kumwambia baba mdogo nimeshafungua Ajira Portal, nikamuonyesha kwenye simu, akatuliza roho. Mama ndo kazi ilikuwa. Nikamwambia mama, hakuna kivuko tena, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 unapita juu ya maji umekaa kwenye gari, asubuhi unakuja kuniona jioni uko Buzuruga. Akauliza "na upepo?" Jumapili tulipanda gari naye mpaka ng'ambo tukala sato wa kukaanga tukarudi. Wakati wa kwenda alifumba macho. Wakati wa kurudi alikaa dirishani.

Naripoti tarehe moja. Dispensari nimewashukuru, hospitali kubwa nimewaandikia barua kwamba sitaweza.

Mzee_wa_Mkolani:
Hongera mwanangu. Na mimi nimebadilisha msimamo, iandikwe.

Tabibu_wa_Visiwani:
Hongera sana dada. Mwaka ukiisha karibu kisiwani, nahodha yupo.

Sista_Leba:
Hongera mdogo wangu. Beba viatu vya plastiki vya kuosha, hizo raba nyeupe utalia nazo wiki ya kwanza. Neti yako mwenyewe. Na saa ya mkononi ya kuhesabia mapigo, yenye mshale wa sekunde, siyo ya kubonyeza, mikono ikiwa na damu utabonyeza na nini.

Binti_Buzuruga:
Saa ninayo dada, ya marehemu bibi. Ila mshale wa sekunde ukifika kwenye 9 unakwama kidogo ndo unaendelea.

Sista_Leba:
Ipitishe kwa fundi Makoroboi kabla hujavuka. Hapo kwenye 9 utaniulia mtoto wa watu.