Vinyesi vya kulungu kwenye bustani ya mchicha, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Naishi Wisconsin, Marekani, na nyuma ya nyumba nimelima mchicha na matembele. Karibu kila asubuhi nakuta vinyesi vya kulungu katikati ya matuta, vidonge vyeusi vinavyong'aa kama kunde mbichi. Mwanzoni niliona ni samadi ya bure, nikawa navifukia kwa jembe.

Sasa nina wasiwasi mkubwa. Tangu 2002 kulungu wa jimbo hili wamekutwa na ugonjwa wa kukondeana unaoletwa na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya. Mnyama hutoa prioni kwenye kinyesi hata kabla ya kuonyesha dalili, na zikiingia udongoni hukaa miaka. Kuchemsha hakuziharibu. Najua hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata ugonjwa huu kutoka kwa kulungu, lakini mboga hizi wanakula wanangu.

Kwa mliofanya kazi maabara za mifugo: kipimo cha RT-QuIC, kile kinachozidisha prioni chache mpaka zionekane, kinaaminika kwenye kinyesi na udongo, au uchafu unakivuruga? Na bustani, nizungushie uzio niendelee, au nihamishie mboga kwenye ndoo zenye udongo mpya?