Khaman Maluach ana upeo gani katika kufunga?

Swali:
Wakuu, Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alichaguliwa wa 10 katika drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ya mwaka 2025 na kuishia timu ya Phoenix Suns. Ulinzi wake sina shaka nao. Je, katika kushambulia tutarajie nini?

Jibu la kwanza:
Akiwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alifunga zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake, ingawa mingi ilitoka karibu kabisa na kikapu: humzuia beki anayemkaba mwenzake, hugeuka na kukimbilia kikapuni, na pasi ya juu humkuta tayari yuko hewani. Kwa urefu wa takribani meta 2.18, huo pekee ni mtaji.

Jibu la pili:
Mimi hutazama zaidi mitupo huru (ile ya baada ya faulo, isiyo na mkabaji), ambayo alifunga kwa takribani asilimia 76, kwa kuwa mkono uliotulia pale mstarini unaweza kufundishwa kutupa kutoka mbali. Kinachonitia wasiwasi ni pasi za chini anazopokea katikati ya msongamano. Hata hivyo, alianza mchezo huu akiwa na miaka kama 13, hivyo nisingemhukumu mapema.