MREJESHO: Mwanafunzi wa darasa la tatu anayeelewa vizuri lakini kusoma kunamshinda

Wadau, asanteni sana. Niliuliza nimsaidieje mwanafunzi wangu anayejibu vizuri kwa mdomo, lakini akishika kitabu anakwama na kuchanganya b na d.

Tulianza na kupima macho na masikio kama mlivyosisitiza, yako salama. Kilichosaidia zaidi ni kurudi kwenye sauti za herufi na silabi, muda mfupi kila siku, huku akichora herufi mchangani kwa kidole na kuitamka. Sasa anasoma sentensi fupi peke yake, na ananyoosha mkono bila woga! Nikimsomea maswali ya hesabu, anayapata. Kumbe hesabu anaijua, kinachomwangusha ni kusoma swali.

Kumkalisha na mwenzake hodari hakukufaa, maana yule alimfanyia kazi yote.

Muda wa nyongeza kwenye mtihani, mwalimu mkuu aliuona ni upendeleo. Nilimwonyesha Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, inayotaka mwanafunzi mwenye ulemavu arekebishiwe mambo shuleni kulingana na mahitaji yake, akakubali muda huo utolewe kwenye majaribio ya darasani tu. Mtihani wa muhula bado, nafuatilia.