Mjadala: Boti ya zimamoto ya London kupelekwa Dunkirk 1940, ushujaa au kubahatisha?

Kichwa Kigumu: Wakuu, heshima kwenu. Kuna boti ya zimamoto ya Mto Thames inaitwa Massey Shaw. Iliundwa 1935 kule Cowes, urefu kama mita 24, kazi yake kuzima moto kwenye maghala ya kando ya mto. Imefanywa fupi kwenda juu ipite chini ya madaraja, na haizami sana majini ili isikwame maji yakipwa. Mwisho wa Mei 1940 ikavushwa bahari hadi Dunkirk, Ufaransa, kuokoa wanajeshi waliozingirwa na Wajerumani. Kazi yake ni ya mtoni tu, haina hata dira! Ingezama je? Na London ikiwaka nyuma yao, nani angezima? Mimi nasema walibahatisha tu. Watu wa mtoni wale, bahari wataijulia wapi?

Nahodha Mstaafu: Kijana, hilo la "watu wa mtoni" limenifanya niingie humu na sikuwa na mpango. Thames si bwawa la samaki. Pale London maji hupanda na kushuka mita sita, bamvua likishika ni zaidi. Mtu anayefunga gati usiku kwenye mkondo ule, ghala linawaka mbele yake, humfundishi kitu kuhusu maji. Dira walifungiwa haraka haraka kabla ya kuondoka, na chombo chote ni chuma, kinachoipotosha dira, ila hapakuwa na muda wa kuisahihisha. Wewe ungekwenda?

Kichwa Kigumu: Mzee, dira isiyosahihishwa kwenye chombo cha chuma ndiyo hoja YANGU hiyo. Umenisaidia.

Bi Forodhani: 😂😂 Mzee kajifunga goli mwenyewe.

Chuma Chakavu: Ilikwenda safari moja ikarudi, sifa miaka themanini. Wazungu kwa kujisifu.

Bi Forodhani: Safari tatu, ndugu yangu. Na hawakukaa mbali kwenye kina wakipunga mikono. Meli kubwa hazikuweza kusogea ufukweni, ile iliweza kwa sababu haihitaji maji mengi. Basi ikawa inazoa askari kwenye maji ya kina kifupi na kuwapeleka kwenye meli, wengine ikawavusha yenyewe hadi Uingereza. Wanasema zaidi ya 500 kwa jumla. Wakati wa kurudi mara ya mwisho, meli ya Kifaransa Emile Deschamps ikagonga bomu la majini jirani na pwani ya Uingereza, na ni hiyohiyo Massey Shaw iliyookota watu baharini. Na safari ya kwanza waliokwenda nayo ni wazima moto waliojitolea.

Mtu wa Kigogo: Sawa, mashujaa. Lakini niwaambie kilichoniuma mimi: boti ile pampu zake zilitoa galoni 3,000 kwa dakika. Mtaani kwetu banda la mbao liliwaka, gari likaja na king'ora chote, likamwaga maji kidogo, yakaisha. Tukamalizia kwa ndoo.

Chuma Chakavu: Hahaha, gari la zimamoto kufika bila maji, hiyo si habari tena.

Mpira wa Maji: Samahani, mimi nafanya kazi hiyo na nimechoka na utani huu. Hakuna gari linalotoka kituoni bila maji. Chukua gari la lita 5,000, fungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika. Piga hesabu. Dakika kumi. Mipira miwili, dakika tano. Na kabla ya hapo nimekaa foleni kwa sababu bodaboda na daladala hawapishi, nimefika uchochoro umejengwa hadi gari haliingii, navuta mpira kwa mkono huku mtu ananirekodi na simu akisema "wamechelewa". Boti yenu ya Thames ingekuwa gari nayo ingeishiwa. Ilikuwa inafyonza mto mzima!

Mtu wa Kigogo: Sasa si ndiyo maana kuna visima vya zimamoto barabarani? Viko wapi?

Mpira wa Maji: Viko chini ya vibanda vya chipsi. Vingine vimefukiwa na lami. Nani kavifukia, mimi?

Nahodha Mstaafu: Turudi kwenye mada. Hata London maji yaliwakimbia. Usiku wa 29 Desemba 1940, Wajerumani waliposhusha mabomu ya moto mjini, mabomba makuu yalipasuka, na Thames yenyewe ilikuwa imekupwa vibaya. Mipira ya kuvuta maji inabaki juu ya tope, mto unauona kule mbele. Hapo ndipo boti zinazoweza kukaa katikati ya mto na kusukuma maji kwenda nchi kavu zikapata kazi. Na Kichwa Kigumu, London ilianza kupigwa mfululizo 7 Septemba. Mei hakukuwa na moto wa kuacha nyuma.

Kichwa Kigumu: Walijua Mei kwamba Septemba itakuja? Wewe unasoma jibu ukiwa nalo mkononi.

Bi Forodhani: Wapo wanaosema maji yake ndiyo yaliyookoa kanisa la St Paul's.

Chuma Chakavu: Kanisa liliokolewa na watu waliolala juu ya paa na ndoo za mchanga. Kila chombo kizee kinatafutiwa kanisa la kuokoa ili kipewe hela ya ukarabati. Kilistaafu 1971, kikaachwa kioze, halafu ikamwagwa zaidi ya pauni milioni 1 ya bahati nasibu ya taifa ya Uingereza kukirudisha. Kwa hela hiyo unanunua boti mpya.

Mwana Kigoma: Hapo ndipo huwa mnanikera watu wa Dar. Kila kizee "chakavu". Meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikashuka Dar, ikapanda reli kuja Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, injini wakazipaka grisi kwanza! Ikatolewa ziwani 1924, 1927 ikarudi kazini kubeba watu. Bibi zetu wamekwenda hadi Mpulungu, Zambia, nayo. Iyeyushwe tutengenezee masufuria?

Chuma Chakavu: Nani kaitaja Liemba? Liemba imebeba abiria miaka na miaka. Ile ya Waingereza ni pambo.

Mwana Kigoma: Umesema "kila chombo kizee". Soma ulichoandika.

Bi Forodhani: Na masanduku 5,000 yale yalishushwa na nani na kupandishwa na nani? Wazima moto wa Dunkirk wana historia yao. Wapagazi wetu hata idadi hawakuandikwa vizuri.

Kichwa Kigumu: Jamani, swali lilikuwa boti kupelekwa vitani.

Mtu wa Kigogo: Mkuu, swali lako limeshazama. @Mpira wa Maji hajanijibu: kibanda cha chipsi kikiwa juu ya kisima, mwenye mamlaka ya kukiondoa ni nani?

Mpira wa Maji: Nimeandika barua. Nilijibiwa niende mtaa. Mtaa wakasema yule mwenye chipsi analipa ushuru.

Mtu wa Kigogo: Chipsi zake ni nzuri lakini?