Naombeni ushauri: Famicom imegeuka njano, niing'arishe kabla mnunuzi hajafika?

Mwani98
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani. Napenda sana gemu za zamani, na sasa nina Famicom mkononi, mashine ya gemu ya Nintendo, ile nyekundu na nyeupe ya Japani, pamoja na kaseti zake 14. Shida ni kwamba ile nyeupe imekuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Kuna jamaa wa Dar anakuja Jumamosi, ametaja 380,000. Maswali ni mawili tu. Niipake ile dawa ya saluni irudi nyeupe, au niiache? Na bei hiyo ni ya haki? Siku ya tatu hii sipati usingizi. Msaada wa haraka tafadhali.

Volti12
Kabla ya rangi, unaiwasha na nini? Adapta yake halisi ni ya umeme wa Japani, volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 zetu, moshi. Tafuta ya volti 9 au 10 DC, miliampia 850 hivi, na HASI iwe katikati. Adapta nyingi za mtaani chanya ndiyo iko katikati, kwa hiyo pima na mita kwanza. Na mtu asikupe adapta ya NES, ile Famicom ya kuuzwa Marekani, eti ni ndugu mmoja. Ile inatoa umeme wa AC, siyo DC, utaiua Famicom yako.

Nazi Mbata
Umenikumbusha mbali mkuu. Sisi Chumbageni tulikuwa na ile ya Kichina, kaseti ya njano imeandikwa ina mamilioni ya gemu, ukihesabu ni zilezile sita zinajirudia. Gemu la vifaru, ukilinda yule ndege wako asipigwe. Kaka yangu alikuwa anaishika pedi ya kwanza kuanzia asubuhi hadi adhana ya magharibi. Siku moja nikaficha kaseti kwenye pipa la mchele, mama akapika nayo. Sio utani, ilichemka. Tulipoikausha juani wiki nzima ikafanya kazi, mpaka leo sijui kwa nini.

Kibuyu
Nijibu alichouliza. Ule unjano unatokana na plastiki yenyewe. Walichanganya kemikali za bromini ili isishike moto haraka, na miaka ikipita, mwanga na joto vinaibadilisha rangi. Peroksaidi, hiyo dawa ya saluni, inairudisha nyeupe kweli, ila ukiipaka bila usawa inatoka mabaka, na baada ya muda unjano unaweza kurudi. Mkusanyaji anayejua kazi yake anapenda ambayo haijaguswa. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, basi. Meno ya shaba ya kaseti safisha kwa spiriti, maana hewa yetu ya chumvi inakula kila kitu. Na usipulize kwa mdomo, mate ndiyo yanaleta kutu.
Sasa na mimi nina swali. Umeipata wapi?

Mwani98
Ahsante sana Kibuyu. Nimeipata hapahapa mjini. Tubaki kwenye mada wakuu.

Mama Mabawa
Mwanangu, laki tatu na themanini ni ada ya mtoto. Hayo magemu ndiyo yaliyonipotezea kijana wangu wa pili, alikuwa akitumwa unga anapitia kwenye kibanda anarudi bila unga na bila hela. Uza, ununue cherehani.

Volti12
Mleta mada hajajibu habari ya adapta.

Dereva wa Segera
Hii ni chai. Jana kwenye uzi mwingine huyuhuyu aliandika kwamba ameichomeka kwenye TV bapa kwa waya wa njano na picha ikatoka safi. Famicom ya mwanzo haina tundu la AV, la huo waya wa njano! Inatoa kwa waya wa antena tu, chaneli 1 au 2 za Japani, na masafa hayo huku kwetu ni ya redio ya FM. TV zetu haziikamati. Ama hana kitu, ama ana ya Kichina anataka kumpiga mtu wa Dar. Wenye kulala tulale.

Nazi Mbata
Aisee. Na mimi nimeshamwaga habari za pipa la mchele hapa.

Mwani98
Dereva, mimi si mwongo. Pedi zake hazichomoki, waya zimeingia moja kwa moja kwenye mashine. Pedi ya pili ina maiki ndogo na kitelezi cha sauti, haina kitufe cha kuanzia. Vitufe vya A na B ni vya mraba, vya mpira. Ya Kichina gani iko hivyo? Waya wa njano niliufunga mwenyewe, transista moja na rezista, kwa sababu ni fundi, na hiyo ndiyo kazi aliyonipa mwenyewe alipoileta.

Kibuyu
"Mwenyewe alipoileta." Haya, sasa tuongee.
Kwanza ujue ulichonacho. Famicom ilitoka 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800, na vitufe vya mraba ni vya zile za mwanzo kabisa, baadaye Nintendo wakaweka vya duara. Huyo wa Dar anajua anachokitafuta. Sasa mwenyewe ni nani?

Mwani98
Ni mzee mmoja, baharia mstaafu. Aliinunua Yokohama enzi hizo akiwa melini. Aliileta 2018, nikamaliza kazi baada ya wiki mbili, hakuja. Simu yake haipatikani. Wakuu, kwangu kuna tangazo ukutani, kila mteja analiona: kitu kikizidi miezi mitatu bila kuchukuliwa, fundi hahusiki. Nimekitunza miaka, nimekifuta vumbi, nimekipa mifuko ya kunyonya unyevu kisiliwe na kutu. Fundi mwingine angeshakikata vipuri. Na hela yangu ya kazi hajalipa hata mia. Hivi hapo kosa langu liko wapi?

Shekhe Mkonge
Hiyo ni amana. Tangazo la ukutani linakuondolea lawama kikiungua au kikiibiwa bila uzembe wako. Halikupi umiliki. Mdai ujira wako, hiyo ni haki yako. Lakini kuuza cha mtu, hapana.

Mama Mabawa
Kumbe ni cha mzee wa watu! Nafuta maneno yangu ya cherehani.

Dereva wa Segera
Habari ya pedi ya pili nimeikubali, hilo mtu halitoi kichwani. Ila bado kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu amenunua kitu Japani, amekitunza zaidi ya miaka 30, halafu anakitelekeza kwa fundi? Mzee hatelekezi kitu hivyo. Mkuu, tangu 2018 uko fremu ileile?

Mwani98
Nilihama 2019. Kodi ilipanda. Kutoka Barabara ya 9 hadi ya 15, si mbali.

Dereva wa Segera
Uliacha namba pale?

Mwani98
Niliandika kwa chaki mlangoni.

Kibuyu
Chaki. Tanga, kabla ya masika.

Mwani98
Najua. Msidhani sijui. Ndiyo maana silali. Lakini jamaa wa Dar ameshatuma 150,000 ya kushikia, nimelipia kodi ya fremu. Hela hiyo haipo tena. Mnaniambia nirudishe, nirudishe nini? Na mzee pengine hayupo duniani, atakuja kudai nani? Nilishaamua, nilitaka tu kujua habari ya rangi.

Volti12
Kaka, ungekuwa umeamua usingeandika usiku wa manane. Mimi pia fundi, niko Pongwe. Kabatini nina redio ya mama mmoja tangu 2015. Kila nikifungua kabati inanitazama. Mpigie wa Dar leo, mwambie mali ina mwenyewe, 150,000 utairudisha kwa awamu. Atakasirika. Akikutukana, nyamaza. Kwenye risiti yako ya 2018 hukuandika anaishi wapi?

Mwani98
Risiti sikutoa. Ila ndani ya boksi kuna karatasi, kwa mwandiko wake: jina, na "Mikanjuni, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani".

Nazi Mbata
Miaka yote hiyo karatasi iko ndani ya boksi?

Mwani98
Iko.

Shekhe Mkonge
Kesho baada ya Ijumaa. Nenda mikono mitupu kwanza, uulize. Ukimkuta mwambie ukweli wote, pamoja na hiyo 150,000. Ukiambiwa ametangulia mbele ya haki, kitu ni cha warithi wake.

Mwani98 (Ijumaa, saa 11 jioni)
Nimetoka huko. Mlango sasa ni wa bluu. Yuko hai. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini amenitambua kabla sijajitaja. Anasema alikuja Barabara ya 9 mara mbili, akakuta wanauza vitenge. Hakunigombeza. Ameuliza kitu kimoja tu, kama ile maiki ya pedi ya pili bado inashika, kwa sababu wanawe walikuwa wanapiga kelele humo wakicheza. Sikuwa na la kusema. Kesho asubuhi naipeleka. Wa Dar nimempigia, amekata simu, nitampigia tena.

Dereva wa Segera
Niliita chai, naomba radhi. Hiyo 150,000, nitumie namba, nina 20,000 ya kuanzia.

Volti12
Nenda na adapta. Volti 9, hasi katikati. Na waya mrefu wa njano, TV za wazee huwa juu ya kabati. Atataka kuiona ikiwaka hapohapo.