Mrejesho: mtoto anayechezacheza macho

Wakuu, niliuliza kuhusu mwanangu mwenye ualbino, macho hayatulii, yanakwenda kulia na kushoto, na akitazama kitu anapinda shingo. Tumeshamwona bingwa wa macho.

Ni nistagmasi ya utotoni, na kwa wenye ualbino ni kawaida. Daktari alimpa kadi ya kusoma, akamwacha ageuze kichwa apendavyo. Uso ukielekea kushoto na macho yakitazama pembe ya kulia, mtikisiko unapungua, anasoma hadi mistari midogo. Basi shingo isinyooshwe kwa nguvu. Bibi yake ameshaambiwa, ingawa anaguna.

Nililoogopa, kwamba anaona dunia ikiyumba, halipo. Ubongo umezoea tangu uchanga. Mtu mzima yakimwanza ghafla ndiye huona vitu vinarukaruka, na huyo awahi hospitali.

Dawa ya kuponya hakuna. Kapewa miwani, na barua ya shule: akae mbele, upande wa kushoto ili ubao uwe kuliani kwake, apewe maandishi makubwa. Akiwa na hofu macho yanazidi kucheza, kwa hiyo tumeomba aongezewe muda wa mtihani. Hilo la muda mwalimu mkuu bado analipiga danadana.